Shaba na Mguu wa Kulia

Kiseke, Jumapili jioni, mvua imekatika

Baba,

Shikamoo. Nimeandika hivyo kwa mazoea, halafu nikakaa kidogo nikisubiri "marahaba, mama" yako.

Mama hajambo. Bado anasonga ugali wa watu watatu. Mimi simwambii kitu, naula tu.

Mama Koku hakuniondoa kwenye farasi wake. Aliniachia Shaba niendelee pale ulipoishia. Lakini wiki iliyopita aliniambia mbele ya watu: "Kabula, mwanangu, farasi wa harusi anayejua kukimbia upande mmoja ni hasara. Mfundishe, la sivyo namuuza." Mnunuzi yupo tayari, anataka mnyama wa kuvuta mkokoteni. Shaba na mkokoteni, Baba! Yule uliyempangusa kwa shati lako siku aliyozaliwa.

Kushoto hana neno. Shida ni kulia. Ulinifundisha kwamba farasi akizunguka kulia, mguu wa mbele wa kulia ndio utangulie, asije akajikwaa. Nafanya vile vile: nampinda shingo kidogo, narudisha mguu wangu wa kushoto nyuma ya mkanda wa tandiko, nasubiri kona ndipo naomba mbio. Anatanguliza wa kushoto. Kona inayofuata anayumba kama ng'ombe wa jembe aliyefungwa upande asiouzoea. Kina mama wanaotoka kununua dagaa wananipigia kelele: "Kabula, huyo anacheza bugobogobo!"

Ulipompanda wewe alikuwa ameanza kuelewa. Jumamosi ile alipoutanguliza wa kulia ulicheka mpaka ukakohoa. Sasa kwa nini amerudi nyuma?

Nikaanza kumwangalia Deo.

Deo ndiye aliyeajiriwa baada yako, katokea Moshi. Ni mpole kupita kiasi, na anajibu kabla hujamaliza kuuliza. Asubuhi nikifika nakuta mchanga wa uwanja umefagiliwa. Nani anafagia mchanga wa ziwani? "Usafi tu, dada." Siku moja nikampapasa Shaba shingoni, nikakuta jasho, na mimi sijampanda. Nikimgusa mgongoni analaza masikio. Nikajisemea, huyu anampiga nikiwa sipo. Anataka aharibike, auzwe. Mama aliponisikia alisema, "Usimtaje mtu kwa jambo ambalo hujaliona."

Basi nikaenda kuona. Alhamisi niliwahi, nikajibanza nyuma ya mawe yaliyo juu ya uwanja. Deo akamtoa Shaba bila tandiko, blanketi tu. Hakuwa na fimbo. Akampanda, akamzungusha kulia, wakafika kwenye kona, na Shaba akaondoka na mguu wa kulia, laini, kama hajawahi kukosea.

Badala ya kufurahi nilishuka na hasira. "Unafagia nyayo ili usionekane, siyo?"

Akatazama chini. "Dada, nimeshindwa kukuambia. Ni tandiko. Na tandiko ni la mzee."

Akalipindua. Upande wa kushoto ulikuwa umejazwa sufi mpaka umevimba, umeshonwa kwa uzi wa nyavu. Mishono yako, Baba. Ningeijua hata gizani.

Ni ile nyonga yako ya kushoto iliyokuwa inakuuma. Ulijiinua upande huo ili ukae sawa, na wewe ulikaa sawa. Mimi nyonga zangu ni nzima, kwa hiyo tandiko linanisukuma kulia, na uzito wangu wote unalielemea bega la kulia la Shaba, lile ambalo namtaka alinyanyue. Maskini, alikuwa anakataa maumivu.

Sasa nakuuliza wewe. Sufi nyingi vile haikuwekwa siku moja. Ulikuwa unaongeza kidogo kidogo, kadiri ulivyozidi kuumia. Na ulikuwa unarudi kutoka hospitali unatuambia, "Wamesema ni uchovu tu." Walisema hivyo kweli? Kila "sijambo" yako naikumbuka upya na siiamini. Nimemwuliza Mama kama alijua. Akainuka kwenda kuangalia chungu ambacho hakikuwa motoni.

Ijumaa nilichukua wembe na sindano ya shazia. Deo akasema, "Acha, dada, tutafute lingine." Lingine halipo. Nilifumua mshono wako wa kwanza nikashindwa kuendelea, nikaenda kunawa uso, nikarudi. Nikapunguza sufi hadi pande zikalingana, nikashona. Mishono yangu ni mibaya, ungeicheka.

Jana Mama Koku alikuja mwenyewe kutazama. Mara ya kwanza Shaba alitanguliza wa kushoto. Nikamrudisha kwenye mwendo wa kutembea, nikampa muda, nikaomba tena kwenye kona. Wa kulia, Baba. Tukazunguka uwanja mzima bila kuyumba. Mama Koku akasema tu, "Haya. Abaki." Nikamshukuru Deo. Simwamini bado, mtu anayeweza kunyamaza kiasi kile anaweza kunyamazia na mengine. Lakini nimemshukuru.

Sufi iliyotoka Mama ameiomba. Sijamwuliza ya nini.

Sikulaumu. Nadhani ulitaka tule kwa amani. Ila mimi nakuahidi, nikiumwa nitasema, na Mama nitamwuliza tena kama alijua, mpaka anijibu.

Pumzika, Baba. Huko uliko, unikumbuke.

Mwanao,
Kabula