Upenyo kwenye Nailoni Nyeusi

Gatongora, Ruiru

Wajina wangu Njeri,

Huku tuko salama. Guka, babu yako, anakohoa kidogo lakini chai hakatai, na ng'ombe wetu amezaa ndama jike.

Katika barua yako unasema molekuli mnazochunguza huko maabara hugeuka umbo zikimulikwa, zikaamsha kipokezi cha seli, na gizani hukiacha kilale. Lakini seli zako zinaitika hata gizani, na sasa unauliza kama uache masomo.

Nikusimulie. Miaka ya tisini nilikuwa kibarua wa maua kule Thika. Aina tuliyopanda haichanui bila giza refu, kwa hivyo kila saa kumi jioni tulifunika vitalu kwa nailoni nyeusi. Mimi nikayaonea huruma. Kitalu cha mwisho nilikiachia upenyo wa kiganja, maua yapate hewa.

Wiki zikapita. Vitalu vyote vikachanua, kile changu kikabaki majani matupu, marefu kama sukuma wiki iliyozeeka. Msimamizi akamlaumu mwenzangu Mumbi, akamwambia kesho asirudi. Nikasema, "Ni mimi. Niliona yatakosa pumzi."

Msimamizi alinitazama, akacheka mpaka akavua kofia. Mumbi akabaki. Mimi nikapewa kazi ya kutafuta matundu kwenye nailoni, na hiyo, mama, hakuna aliyenishinda.

Kwa hivyo usiache masomo. Zima taa zote za maabara, kaa humo mpaka macho yazoee, halafu tazama kama mwanga unapenya chini ya mlango.

Ni mimi cucu, nyanya yako,
Njeri mkubwa