Binti wa Magoti na Mzee wa Asilimia Mia

Mpendwa mshauri, kabla sijaomba msaada wako natangaza rasmi, kwa heshima na taadhima, mbele yako na mbele ya wasomaji wako wote, kwamba tangu Jumanne iliyopita nimepigwa marufuku kukalia kiti cha plastiki cha bluu kilichoko nje ya ofisi ya mshauri wa wanafunzi chuoni kwetu, na kiti chenyewe kina ufa katikati unaofinya mapaja, hakuna aliyewahi kukigombania, lakini marufuku ni marufuku na mimi ndiye wa kwanza kuipata.

Ofisi hiyo ni ya mzee mmoja ambaye kazi yake ni kutuelekeza sisi wanafunzi wa sayansi tunaotaka kuendelea na vyuo vya afya, udaktari, famasia, uuguzi na kadhalika, na tunamwita Asilimia Mia kwa sababu juu ya mlango wake ametundika bango linalosema kwamba wanafunzi wote aliowapendekeza walipokelewa, na bango hilo hulifuta vumbi yeye mwenyewe kwa leso yake, na kila mtu hapa anajua kwamba bila pendekezo lake hakuna chuo kitakachojisumbua kulifungua ombi lako.

Basi mimi nataka tiba ya viungo. Kaka yangu ni fundi rangi, alianguka kutoka kwenye ngazi, goti likakataa kukunjika, na mimi ndiye niliyekuwa namsindikiza kwa mtaalamu wa viungo, mama mmoja mfupi asiyecheka ovyo, akanionyesha namna ya kushika kisigino na kusubiri, maana goti lina tabia za mtu, ukililazimisha linanuna na ukilibembeleza mno linadeka, na siku kaka alipopanda kigoda akapaka kona ya dari, watu wote nyumbani walitazama dari, mimi nikatazama goti, na tangu hapo nikimwona mtu anashuka ngazi kiupandeupande nasahau nilikokuwa nakwenda.

Sasa Jumanne Asilimia Mia alituita wanafunzi wanne kufanya mazoezi ya mahojiano, akauliza kwa nini tunataka kazi hizi, wa kwanza akasema tangu utotoni anapenda kusaidia watu, wa pili akasema tangu utotoni anapenda kusaidia watu, wa tatu akaongeza na wanyama, zamu yangu ikafika nikasema ukweli.

"Kwa sababu napenda magoti."

Akavua miwani. "Magoti ya nani?"

"Ya mtu yeyote, mwalimu."

Wenzangu walicheka hadi mmoja akatoka nje, na yeye akafungua alama zangu, akakuta kemia niliyofeli mwaka wa pili nikairudia na kuifaulu kwa kujikokota, akasema, "Binti, wewe utaniharibia asilimia," kisha akanishauri niende usimamizi wa hoteli, eti nina sura ya kupokea wageni, huko atanipendekeza hata leo, na mimi, mshauri, mdomo wangu hauna breki, nikamuuliza hao aliowazuia wasiombe miaka yote hiyo wao wamo kwenye asilimia ngapi. Hapo ndipo kiti kilipoondoka.

Dirisha la maombi linafungwa mwisho wa mwezi. Mama anaipenda hoteli, anasema mtu wa hoteli hakosi kula na tena atavaa suti. Kaka anasema nikiomba radhi kwa ajili ya goti lake hatanisemesha. Anayeniumiza ni mdogo wangu, yuko mwaka wa kwanza hapahapa na anataka uuguzi, maana aliniambia taratibu wakati tunaanua nguo, "Dada, wewe utagombana naye uondoke, mimi ndiye nitakayebaki naye." Je, nimwangukie mzee anipendekeze mwakani, au niombe bila yeye nionekane kichaa? Kuomba radhi sitaki, nakwambia mapema, ila kwa mdogo wangu naweza kumeza hata kile kiti.

Ni mimi,
Aliyepigwa Marufuku Kukaa

*

Aliyepigwa Marufuku Kukaa, simama basi.

Pole. Pole yangu imeishia hapo, sasa tuongee.

Mzee wako namfahamu ingawa sijamwona. Golikipa anayekubali kusimama langoni siku zisizo na mechi tu hajafungwa hata bao moja, naye pia angeweza kutundika bango. Huenda kuna mkubwa juu yake anayemdai hiyo namba kila mwaka, naye anaogopa. Woga wake ni wa kuhurumia, si wa kuutii. Swali ulilomuuliza ni zuri kuliko yote yaliyowahi kuulizwa katika ofisi ile. Usiliombee radhi. Kama ulipaza sauti, omba radhi kwa sauti, uishie hapo.

Ila na wewe pia nina maneno. Kiti umekieleza mpaka ufa wake. Kemia umeipitisha mbiombio kama mgeni anayepitishwa jikoni. Hao wa vyuo watakuuliza habari za kemia, na usiwazulie ugonjwa, wala usimzike bibi yako aliye hai. Sema ulifeli kwa sababu hukuelewa, kisha sema ulifanya nini ulipoirudia. Kama hukufanya lolote ila kukariri, basi anza leo, mwezi haujaisha. Mwalimu aliyekufundisha mara ya pili ndiye wa kumwomba aseme neno juu yako. Amekuona ukianguka na amekuona ukiinuka. Asilimia Mia amekuona ukikaa tu.

Kuhusu magoti: usiyaache. Katika hao wanne ni wewe peke yako uliyetaja kitu. Lakini, binti yangu, goti haliji kliniki peke yake. Linaletwa na mtu, na mtu huyo ana maumivu, ana haraka, na mara nyingine ana mdomo kama wako. Kaka yako ulimpenda kabla hajaanguka, huyo hahesabiki. Rudi kwa yule mama mfupi, umwombe akuruhusu kukaa pembeni na kuangalia wagonjwa usiowajua: mzee anayenung'unika, mama anayelia kabla hajaguswa. Muulize yule mama siku gani kazi yake humchosha roho. Ukitoka pale bado unayataka magoti, utakuwa na jibu ambalo hakuna wa kulicheka. Na usiombe chuo kimoja tu kama mchumba. Omba hata vitatu.

Mama mwambie hivi: suti ataiona siku ya mahafali.

Sasa mdogo wako. Hilo ndilo lililonifanya niichague barua yako, vingine vyote ni kelele. Ana haki ya kuogopa, na wewe huna haki ya kumwachia ugomvi kama unavyomwachia nguo zilizokubana. Lakini ukipiga magoti leo, atajifunza kwamba mlango ule hufunguliwa kwa magoti, naye atapiga mwaka wa kwanza, wa pili, hadi atoke. Nenda naye ofisini. Mtambulishe: huyu ni mdogo wangu, anataka uuguzi, kumwelekeza ndiyo kazi unayolipwa. Simameni wima wote wawili, kiti kibaki na ufa wake. Akimhukumu kwa sababu yako, mpeleke kwa mkuu wa kitivo siku hiyohiyo, tena usiende na machozi, nenda na swali lako lilelile. Wako wengine aliowageuza watu wa hoteli. Watafute waende nanyi.

Na maombi yako uyapeleke, kwa jina lako, bila baraka zake. Wakikukataa, wakukatae wao. Yeye si chuo. Yeye ni mlango tu, tena mlango wa mtu mwingine.

Nilipomaliza kuandika haya nilipiga simu kwenye chuo kimoja kinachofundisha tiba ya viungo, nikamuuliza karani wa udahili kama wanapokea ombi lisilo na pendekezo la mshauri wa wanafunzi. Akaniuliza pendekezo lipi. Hawajawahi kuliomba.