Msumari wa Mama Mkwe na Jicho la An-chi

Mpendwa Mshauri, naomba unisikilize kabla mwanangu hajalisoma gazeti hili, mimi ni bibi wa hapa Tainan, mjukuu wangu An-chi ana miezi mitatu na kwenye kope ya juu ana alama nyekundu iliyoanza kama ameumwa na mbu, sasa imevimba kama stroberi, na ilipotokea nilimwambia mke wa mwanangu, Pei-rong, mbele ya majirani, kwamba hayo ndiyo malipo ya kukata vitambaa kitandani akiwa na mimba, kwani nani hajui kwamba mungu mlinzi wa mimba hataki mkasi wala nyundo chumbani, naye akalia, lakini Mshauri, aliyepigilia msumari chumbani mle ni mimi, juu ya mlango, nikitundika picha ya harusi yao, na nilipofungua kitabu cha siku, kile kinachoonyesha mungu huyo yuko sehemu gani ya nyumba kila siku, nikakuta siku ile mungu huyo alikuwa mlangoni hapohapo. Daktari alitaka kumpa mtoto dawa, nikakataa, nikasema kwanza tuombe radhi hekaluni, tumekwenda mara tatu na sasa jicho halifumbuki hata nusu, jana Pei-rong akaniambia, "Mama, mtoto ananitazama kwa jicho moja," nami nikamjibu, "Ungemtunza tumboni kama ulivyotunza vitambaa vyako." Je, nikiri, au niendelee kuomba radhi kimyakimya?

Bibi Mwenye Nyundo


Bibi,

Nakuelewa. Mke wangu alipokuwa mjamzito sikugusa nyundo miezi tisa, na hata hivyo binti yetu alizaliwa na alama shingoni. Ni vishipa vya damu vilivyoota kupita kiasi, basi, havina mshitakiwa. Nyingi za namna hiyo hukua miezi ya mwanzo, kisha hunywea zenyewe kwa miaka, ndiyo maana majirani husema ngojeni. Wangekuwa sahihi kama ingekuwa mgongoni. Ya kopeni haingoji. Ubongo wa mtoto hujifunza kuona kwa kutumia macho yote mawili. Moja likizibwa, hulizoea kama halipo, na uvimbe ukija kunywea baadaye utawaachia jicho zuri lisiloona vizuri. Hapo usimsingizie mungu yeyote.

Kesho asubuhi mpelekeni kwa daktari wa watoto na wa macho. Dawa yenyewe ni ya maji, ilianza kama dawa ya moyo, kwa hiyo watampima moyo kwanza. Anywe akiwa amenyonya. Siku akikataa kunyonya, akitapika au akihema kwa shida, msimpe mpaka mzungumze na daktari. Na usimchanganyie dawa hiyo na majivu ya ubani wa hekaluni, hata kidogo.

Kukiri? Hekaluni umekwenda mara tatu. Chumba cha Pei-rong kiko hatua ngapi kutoka chako? Mwambie leo, kisha uwaambie majirani walewale. Atakasirika, na ana haki, mwache amalize.

Daktari atauliza jicho lilianza kuzibwa lini. Jibu wewe, Bibi, na usipunguze hata siku moja.