Utando kwenye Moyo wa Anaeli

Jumanne, baada ya chakula

Kumbe haikuwa pumu. Miaka yote tumempa Anaeli dawa za pumu, na leo daktari mgeni amempaka mafuta baridi kifuani, akapitisha kipimo, akanionyesha moyo wa mwanangu ukidunda kwenye kioo cha mashine. Kisha akaigandisha picha, akamtoa Anaeli nje.

"Mama, unaona huu mstari mweupe? Ni utando, amezaliwa nao. Unazuia damu inayotoka kwenye mapafu."

"Unakatwa?"

"Unakatwa, na mtoto anapona kabisa." Akazima kioo. "Angeletwa akiwa mdogo. Sasa mapafu yameumia mno, hatastahimili upasuaji."

Angeletwa wapi? Mashine yenyewe imefika Arusha mwaka huu, pamoja na hizi hospitali za binafsi zilizoruhusiwa juzi tu.

Anaeli alikuwa amekaa nje kwenye benchi. "Mama, wameuona ugonjwa?"

"Wameuona, mwanangu."

Akanikumbatia. Tukipanda mlima kurudi nyumbani Nkoaranga alisimama mara kwa mara kuhema, lakini alikuwa anacheka. Akipona, anasema, atakimbia mashindano ya shule.

Sasa yuko jikoni anawasimulia wadogo zake. Nasikia wanampigia makofi. Wananiita, na mimi sijui nitaingia na uso gani.