Rangi Iliyopotea Shimoni

Nachingwea, Jumanne, Oktoba 1953

Sijawahi kumwambia mtu kwamba naiogopa sauti yangu mwenyewe. Leo imenikwama tena, na rafiki yangu Liwaka yuko hospitali ya misheni, anaharisha.

Hapa shuleni, majitaka ya bafuni na jikoni huingia shimoni. Tunayatia pamanganeti, ile dawa ya zambarau ya kuua vijidudu, kisha tunamwagilia nyanya, tunazozila mbichi. Leo kiranja alitia kijiko kimoja. Maji yakawa zambarau, na punde rangi ikapotea.

"Mmeona? Yameshatakata!" akasema. "Chukueni ndoo."

Nimesoma kitabuni kwamba rangi ikipotea upesi hivyo, uchafu umeimaliza dawa, na wenyewe bado upo. Nikasema kwa sauti ya mbu, "Kaka, ongeza kidogo. Mpaka rangi ibaki."

"Haya, Bwana Vitabu! Unataka tule nyanya za zambarau?"

Wakacheka wote. Mwalimu naye akasema Liwaka ameponzwa na mabibo. Mabibo! Liwaka hali mabibo, yanamwasha koo; alichokula ni nyanya.

Kicheko chao si kitu. Kinachoniuma ni kwamba niliinama, nikachukua ndoo, nikamwagilia kama wao. Na kesho ni zamu yetu ya kuzichuma nyanya.

Baada ya chakula cha jioni nilikwenda bustanini peke yangu. Nikachuma nyanya zote zilizoiva, nikazitupa shimoni, nikamwaga dawa yote iliyobaki koponi, nikakoroga. Safari hii rangi haikupotea.

Dawa ilipokauka, vidole vyangu vimebaki kahawia. Nimevisugua kwa sabuni na mchanga, havitakati.