Sokwe Mwenye Isale

Jumatano, 6 Agosti 2025

Rogath kalazwa! Malaria. Ndiye Sokwe Mkuu wetu — na Jumatatu tunapiga picha ya mwisho ya sehemu ya pili ya filamu yetu. Vazi la sokwe lilishonwa kwa kipimo chake, na Rogath ni mrefu kupita kiasi. Jesse wa kamera anasema mtu mwingine wa urefu ule anamjua mmoja tu: kaka yangu Eliona.

Nikacheka. Halafu nikaacha kucheka.

Tunapigia kwenye kihamba cha Baba, shamba la ukoo. Na Baba mwenyewe ndiye anayecheza mzee aliyechomewa shamba na sokwe. Tangu Eliona ang'oe mibuni aliyoipanda Babu, apande parachichi bila kumwuliza mtu, Baba hataki hata jina lake litajwe mezani. Eliona yuko Himo sasa. Huku juu hapandi, hata Krismasi.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Nimeshuka Himo. Eliona kakubali haraka mno — sijapenda. Nikamwambia: hakuna kuongea, hakuna kuvua kichwa. Baba ataendelea kudhani ni Rogath.

Kauliza sokwe anafanya nini. Nikamweleza. Sokwe Mkuu anarudi kutoka mwaka 2300 kumwomba radhi mzee ambaye sokwe walimteketezea shamba kwenye sehemu ya kwanza. Anapiga magoti, anampa isale, jani la kuombea radhi huku kwetu. Mzee anapokea, yameisha.

Akaangalia malori yanayopita. Halafu akauliza, hilo isale ni la kweli?

La plastiki, nikamjibu.

Jumapili, 10 Agosti

Kanisani sikusikia hata neno. Ukiletewa isale hukatai, umsamehe aliyekukosea — Baba ndiye aliyetufundisha, na analishika hilo kuliko mtu yeyote hapa Marangu. Nimemtegea baba yangu mtego! Sikukusudia, hadithi hii niliiandika kabla Rogath hajaugua. Lakini la plastiki si kitu. Nimelitia mkobani. Naogopa tu.

Jumatatu, 11 Agosti

Ukungu. Eliona kavalia kwa jirani, kaja tayari sokwe. Kampita Baba bila shikamoo — angefanyaje, sauti yake Baba anaijua! Baba kamsindikiza kwa macho mpaka migombani. Akaniambia huyo Rogath siku hizi kakosa adabu.

Baadaye. Naandika nimekalia ndoo.

Tulianza vizuri. Sokwe akatoka kwenye ukungu, akapiga magoti mbele ya Baba, akanyoosha mkono. Isale bichi! Lina umande. Kalichuma kwenye kaburi la Babu, hakuna pengine linapoota hapa kihambani. La plastiki bado limo mkobani mwangu.

Nilipaswa kuwasimamisha. Sikuweza. Jesse naye akaendelea kupiga.

Baba hakulipokea. Hakulikataa. Kaliangalia lile jani, kaangalia ule mkono wa manyoya uliolishika. Mama kasimama mlangoni, kanga mdomoni. Halafu Baba akanigeukia. Sauti ya kawaida tu, ile ya kuagiza majani ya ng'ombe.

"Aikande, rudieni. Safari hii avue hicho kichwa kwanza."

Jesse kabadilisha betri. Eliona bado yuko magotini — anashika zipu, anaachia, anashika tena. Baba kakaa palepale kwenye kigoda, kavua kofia, kaiweka gotini. Anasubiri.

Jesse ananiuliza awashe kamera? Nimemwambia asiwashe. Zipu imeanza kushuka, na Baba ananyoosha mkono kulipokea isale.