Uzi wa Wino Juu ya Ubao

Jumatatu, 3 Juni

Nimetoka shule, nimekula, nimejaza pipa. Majaribio tena uani. Maji yanatoka kwenye koki ya pipa, yanashuka ndani ya mfereji wa bati, yanapita juu ya ubao nilioupaka rangi nyeupe. Kwa bomba la sindano naachia wino karibu kabisa na ubao. Unakwenda kama uzi. Napenda kuutazama.

Maji yanayogusa ubao huenda polepole kuliko yaliyo juu yake. Tabaka hilo jembamba stor Momade, mwalimu wetu wa fizikia, analiita kwa Kireno camada limite. Nataka kujua mkwaruzo au chembe ya mchanga inalivuruga vipi. Ijumaa stor anachagua kazi moja ya kwenda feira, maonyesho ya sayansi kule Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu. Nataka iwe yangu. Sijamwambia mtu.

Jumanne, 4 Juni

Ubao una mkwaruzo mmoja mrefu. Nimeuziba kwa msiro wa mama, ule mti anaousaga juu ya jiwe na kujipaka usoni. Umekauka laini kama shavu. Hitimisho nimeshaliandika: kasoro yoyote, hata ndogo, huvuruga maji. Sentensi nzuri.

Mama ameuliza msiro wake umekwenda wapi. Nimemwambia. Amecheka mpaka akakaa chini.

Jumatano, 5 Juni

Aibu.

Nimeonyesha darasani. Msiro ulilowa, ukavimba, ukabanduka na kusimama vipandevipande. Wino ukatawanyika mfereji mzima. Amade, anayekaa nyuma yangu, akasema, "Stor, ubao umejipamba, unakwenda harusini." Wakacheka wote. Stor pia, kidogo. Mimi nilitazama viatu vyangu. Maneno ya kumjibu Amade yamenijia nikiwa nimeshafika nyumbani.

Stor alisema tu, "Rudia, mwanangu. Ijumaa bado."

Alhamisi, 6 Juni

Sikulia. Nimekwangua msiro wote. Ubao umebaki na mkwaruzo wake. Nikafungua koki kidogo, nikangoja uzi uvurugike.

Haukuvurugika. Ulipita juu ya mkwaruzo kama vile haupo. Nimerudia. Vilevile.

Kwa hiyo sentensi yangu nzuri si kweli. Inauma.

Nikagandisha chembe moja ya mchanga kwa gundi. Maji polepole: uzi ukapita pembeni yake, ukaendelea. Nikafungua koki zaidi. Nyuma ya chembe uzi ukaanza kutetemeka, kisha ukakatika. Chembe ileile. Nikaweka kubwa zaidi. Hiyo ilivuruga hata maji ya polepole.

Nadhani naelewa. Tabaka la polepole lina unene wake. Kasoro iliyozama ndani yake haina neno. Ikichomoza mpaka kwenye maji ya kasi, maji nyuma yake yanakosa utulivu. Na maji yakiongezwa kasi, tabaka lenyewe linakuwa jembamba, ndiyo maana kitu kidogo kinageuka kuwa kikubwa.

Hitimisho la Jumanne nimelifuta. Kesho nitasema hivyo mbele yao. Wacheke.

Ijumaa, 7 Juni

Nimesema. Nilianza na kosa langu: nilihukumu kabla ya kupima.  Kisha nikashika sindano, nikaachia wino.

Amade akauliza, "Basi mtu akiwa na chunusi si neno?"

Nikamjibu hapohapo. "Inategemea chunusi ina urefu gani, na wewe unakimbia kasi gani." Wakacheka, yeye wa kwanza. Safari hii sikutazama chini.

Stor alikuja kufungua koki mwenyewe. Uzi ukakatika nyuma ya chembe. Akafunga kidogo, uzi ukanyooka. Akafanya hivyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Mwisho akaandika jina langu kwenye ubao wa darasa.

Ila Pemba nitazungumza Kireno, mbele ya watu wazima nisiowajua. Naogopa. Nakwenda.

Jumapili, 9 Juni

Mama alikuwa anapara samaki. Nikasimama mbele yake nikasema kazi yote kwa Kireno, toka mwanzo mpaka mwisho. Yeye Kireno chake ni cha sokoni tu. Kisu kilisimama mkononi mpaka nikamaliza.

"Sijaelewa," akasema. "Lakini nimesikia kila neno."

Nikakaa, nikachukua samaki mmoja, nikaanza kupara.